Masharti, tarehe au kukata fedha: Bunge limzuieje rais aliye vitani?

Tarehe 1 Mei 2007 Rais George W. Bush wa Marekani aliupigia kura ya turufu muswada uliokuwa unampa fedha nyingi kuliko alizoomba. Aliomba takriban dola bilioni 100 kwa ajili ya vita vya Iraq na Afghanistan. Bunge likampitishia bilioni 124. Hakukataa fedha. Alikataa tarehe, kwa kuwa muswada ulitaka wanajeshi waanze kuondoka Iraq kabla ya Oktoba mosi mwaka huohuo, na ukaweka lengo la kuikamilisha kazi hiyo ndani ya siku 180.

Juni 1973 Rais Richard Nixon naye aliukataa muswada wa fedha uliombana. Ule ulipiga marufuku fedha za serikali kutumika kuishambulia Kambodia kwa mabomu.

Bush alipata fedha zake na tarehe ikafutwa. Nixon alisalimu amri ndani ya siku nne, na ilipofika tarehe 15 Agosti 1973 ndege za Marekani ziliacha kuipiga Kambodia. Nchi ni ileile na katiba ni ileile, lakini matokeo yalikwenda pande mbili tofauti. Ulinganisho huu ni wa msomaji anayetaka jibu la vitendo: rais wako yumo katika vita usivyovitaka, nawe una mbunge anayekusikiliza, awe wa Minneapolis au wa Mombasa. Umwombe aifanyie nini hasa bajeti?

Nani ameshika mpini

Katiba ya Marekani imegawa madaraka ya vita makusudi. Kutangaza vita na kuunda majeshi ni kazi ya Bunge, na fedha za jeshi la nchi kavu haziruhusiwi kutengwa kwa zaidi ya miaka miwili kwa mkupuo mmoja. Hakuna fedha inayotoka Hazina bila sheria. Rais kwa upande wake ni Amiri Jeshi Mkuu, na muswada wowote anaoukataa hurudi Bungeni, ambako huhitaji theluthi mbili katika Baraza la Wawakilishi na theluthi mbili katika Seneti ili upite bila yeye.

Wengi husimama kwenye hiyo theluthi mbili na kukata tamaa. Hesabu ya fedha lakini ina upande wa pili. Kutunga sheria ya kusimamisha vita kunahitaji theluthi mbili, kwa sababu rais ataikataa. Kutotoa fedha hakuhitaji hata kura nusu ya Bunge zima. Linatosha baraza moja lisilopitisha. Kwenye karatasi, basi, mpini umeshikwa na wabunge. Ila fedha zinapojadiliwa, wanajeshi wanakuwa wameshafika vitani, na rais husimama mbele ya kamera na kusema kwamba wabunge wanawanyima vijana risasi na chakula. Njia zote ninazolinganisha hapa ni majaribio ya kuushika mpini bila kuchomwa na shutuma hiyo.

Masharti: Iraq, 2007

Uchaguzi wa Novemba 2006 uliwapa Wademokrat, wapinzani wa chama cha Bush cha Republican, mabaraza yote mawili, na hasira ya wapiga kura juu ya Iraq ilichangia sana. Nancy Pelosi akawa Spika, Harry Reid akaongoza walio wengi katika Seneti. Tarehe 10 Januari 2007 Bush akajibu matokeo hayo kwa kutangaza kwamba anaongeza wanajeshi zaidi ya 20,000 nchini Iraq. Februari Baraza la Wawakilishi likapitisha azimio la kupinga nyongeza hiyo kwa kura 246 dhidi ya 182. Azimio halikuwa na nguvu ya sheria, na wanajeshi waliendelea kupelekwa.

Ndipo vita vikahamia kwenye bajeti ya nyongeza. Mwishoni mwa Aprili muswada ulipita kwa kura 218 dhidi ya 208 kwa wawakilishi na 51 dhidi ya 46 kwa maseneta. Ushindi ulikuwa mwembamba, tena wa chama kimoja karibu kitupu: Warepublikan waliovuka mstari walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Bush akaukataa. Siku iliyofuata wawakilishi wakajaribu kuipindua kura yake ya turufu wakapata 222 dhidi ya 203, mbali sana na theluthi mbili.

Wademokrat walikuwa na chaguo siku hiyo. Wangeweza kuurudisha muswada uleule mara ya pili na ya tatu. Wangeweza kutoa fedha za miezi miwili tu ili warudi mezani Julai. Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa namna hiyo mwezi Mei, Seneti ikauacha. Wangeweza hata kukaa kimya na kusubiri, maana watafiti wa Bunge lenyewe walikuwa wamekadiria kwamba Jeshi la Nchi Kavu lingeweza kujikimu hadi Julai kwa kuhamisha fedha kutoka mafungu mengine. Ipo pia sheria ya zamani, ya mwaka 1861, inayoruhusu jeshi kununua chakula, mavazi na mahitaji ya lazima hata kabla Bunge halijatenga fedha. Askari hawangelala njaa Mei hiyo.

Hakuna hata moja kati ya hayo walilolifikisha mwisho. Viongozi wao walikuwa wameshaahidi mara nyingi hadharani kwamba hawatawaacha wanajeshi bila fedha. Ahadi hiyo ilikuwa ya kiutu, na ninaielewa, lakini iliondoa tishio lote mezani kabla mazungumzo hayajaanza. Bush alijua kuwa akivumilia wiki chache atapata anachotaka. Tarehe 16 Mei seneta Russ Feingold, akiungwa mkono na Reid, alipendekeza fedha za mapigano Iraq zikome Machi 2008. Maseneta 29 waliunga mkono, 67 wakapinga. Yaani hata ndani ya chama kilichoshinda uchaguzi kwa ajili ya Iraq, si wote waliothubutu.

Tarehe 24 Mei muswada mpya usio na tarehe ya kuondoka ulipita kwa kura 280 dhidi ya 142 kwa wawakilishi na 80 dhidi ya 14 kwa maseneta. Wademokrat wengi walipiga kura ya hapana, Spika Pelosi akiwa miongoni mwao; aliruhusu muswada aliokuwa anaupinga ufike ukumbini na kupitishwa kwa kura za upande wa pili. Barack Obama na Hillary Clinton walikuwa kati ya maseneta 14. Bush akautia saini siku iliyofuata.

Wabunge walipata nini? Walipata vigezo 18 ambavyo serikali ya Iraq ilitakiwa kuvitimiza, pamoja na ripoti za Julai na Septemba. Adhabu ya kutovitimiza ilihusu misaada ya ujenzi wa Iraq, na rais aliruhusiwa kuisamehe. Walipata pia kitu kisichohusiana na vita kabisa, kupanda kwa kima cha chini cha mshahara kutoka dola 5.15 hadi 7.25 kwa saa, kwa awamu. Septemba wakaguzi wa Bunge waliripoti kwamba katika vile vigezo 18, vitatu vilitimizwa, vinne kwa sehemu, na 11 havikutimizwa. Ripoti ilisomwa, ikajadiliwa, ikaishia hapo. Desemba Bunge likatoa dola bilioni 70 nyingine bila tarehe. Mwaka 2007 ulimalizika wanajeshi wa Marekani takriban 900 wakiwa wamekufa Iraq, idadi kubwa kuliko mwaka mwingine wowote wa vita hivyo, na Wairaqi waliokufa walikuwa wengi mara nyingi zaidi.

Tarehe ya kuondoka ilikuja baadaye, kwa mlango mwingine. Novemba 2008 serikali ya Bush ilikubaliana na serikali ya Iraq kwamba wanajeshi wote waondoke kabla ya mwisho wa 2011. Makubaliano hayo yalipelekwa kwenye Bunge la Iraq, likayapigia kura na kuyapitisha. Bunge la Marekani, lililopigania tarehe mwaka mzima, halikuletewa ili liyaidhinishe.

Kukata fedha: Kambodia, 1973

Mkataba wa Paris wa Januari 1973 uliwatoa wanajeshi wa Marekani Vietnam. Mabomu juu ya Kambodia hayakukoma, yaliongezeka. Kati ya Februari na Agosti mwaka huo zilimwagwa takriban tani 250,000. Hakukuwa na kikosi cha ardhini cha Marekani cha kukilinda wala mfungwa wa kivita wa kumrudisha nyumbani, na sababu zote za miaka ya nyuma zilikuwa zimekwisha. Ndiyo maana Mei 1973 Baraza la Wawakilishi, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa likiikingia kifua serikali, kwa mara ya kwanza lilipiga kura ya kuzuia fedha za mashambulizi hayo. Seneti ikakaza zaidi.

Nixon aliukataa muswada tarehe 27 Juni. Jaribio la kuipindua kura yake ya turufu lilipata kura 241 dhidi ya 173, na nalo halikufika theluthi mbili. Hapa ndipo hadithi inapoachana na ya 2007. Kiongozi wa walio wengi katika Seneti, Mike Mansfield, alisema wazi kwamba katazo hilo litabandikwa kwenye muswada mwingine, na mwingine tena, mpaka lipite. Mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani wakati huo ulikuwa unaishia tarehe 30 Juni. Zilikuwa zimebaki siku tatu, na bila muswada wa kuendeleza matumizi serikali nzima ingekosa fedha: mishahara, ofisi, huduma zote. Wabunge walilifunga katazo la Kambodia kwenye jambo ambalo rais hangeweza kuishi bila hilo.

Kulikuwa na jambo jingine wiki hiyo. John Dean, aliyekuwa mwanasheria wa Ikulu, alikuwa anatoa ushahidi juu ya kashfa ya Watergate mbele ya kamati ya Seneti kuanzia tarehe 25 Juni, na nchi nzima ilikuwa inamtazama kwenye televisheni. Nixon hakuwa na nguvu ya kupigana pande mbili.

Aliyesimama ukumbini kuwaambia wawakilishi kwamba rais amekubali alikuwa Gerald Ford, kiongozi wa Warepublikan katika baraza hilo. Mabomu yangeendelea hadi tarehe 15 Agosti, kisha fedha zote za mapigano ndani, juu au kutokea pwani za Kambodia, Laos na Vietnam zote mbili zingekoma. Nixon alitia saini Julai mosi.

Lazima niseme waziwazi gharama ya zile siku 45. Mwakilishi Elizabeth Holtzman wa Brooklyn alikwenda mahakamani kutaka mabomu yasimame mara moja. Jaji wa wilaya alimkubalia, na Jaji William Douglas wa Mahakama ya Juu akaunga mkono tarehe 4 Agosti; majaji wenzake walitengua uamuzi wake siku hiyohiyo. Siku mbili baadaye ndege ya B-52 iliudondoshea mabomu kwa makosa mji wa Neak Luong, uliokuwa chini ya serikali rafiki ya Marekani. Zaidi ya watu 100 waliuawa. Waliuawa ndani ya muda ambao pande zote mbili mjini Washington zilikuwa zimeshakubaliana kwamba vita hivyo vinaisha. Mbunge anayesaini tarehe ya mbele anapaswa kujua kwamba watu watakufa kati ya leo na siku hiyo.

Ila tarehe ilipofika, ilishika. Mwezi Aprili 1975 Ford mwenyewe, sasa akiwa rais, aliomba dola milioni 722 za msaada wa kijeshi kwa Vietnam Kusini. Bunge halikumpa. Saigon ilianguka tarehe 30 mwezi huohuo. Wapo wanaoamini hadi leo kwamba wabunge walimtupa rafiki, na hoja yao isipuuzwe, maana Wavietnam na Wakambodia walioachwa nyuma waliteseka vibaya mno. Mimi naamini kwamba miaka zaidi ya minane ya vikosi na mabomu ilikuwa imeonyesha kwamba milioni 722 zingeongeza muda wa vita, si kubadili mwisho wake.

Ukiziweka njia hizi mbili bega kwa bega

Tofauti ya kwanza iko kwenye kilichoandikwa. Muswada wa 2007 ulijaribu kuongoza vita: nani aondoke lini, vigezo gani, misheni ipi ibaki. Rais aliweza kusema kwamba wabunge 535 wanataka kuwa majenerali, na maneno hayo yaliwaingia watu. Katazo la 1973 halikumfundisha jenerali kazi. Lilisema mahali na siku, basi: baada ya tarehe hii hakuna fedha kwa kazi hii katika nchi hizi. Sharti linahitaji mtu wa kupima kama limetimizwa, na mpimaji huyo kwa kawaida ni rais mwenyewe. Mahali na siku havihitaji mpimaji.

Tofauti ya pili ni muswada uliobebeshwa. Mwaka 2007 tarehe ilipandishwa kwenye muswada wa fedha za askari, kwa hiyo kila siku ya kuchelewa ilionekana ni askari anayeumia. Mwaka 1973 katazo lilipandishwa pia kwenye fedha za kuendesha serikali nzima, na saa ya mwisho ilikuwa inamgongea rais.

Ya tatu ni wanajeshi wenyewe. Katika Iraq ya 2007 walikuwepo zaidi ya 150,000 ardhini, na kuwaondoa kulihitaji miezi na fedha. Kambodia ilipigwa kutoka angani. Kuzima vita vya ndege ni rahisi kuliko kurudisha jeshi, na anayeyalinganisha matukio haya bila kulitaja hilo anawaonea Wademokrat wa 2007. Hata hivyo lile la kujinyang'anya tishio mapema halikusababishwa na idadi ya askari.

Tarehe ya maelewano: Somalia, 1993

Njia hii inatugusa kwa karibu, kwa hiyo naieleza ingawa ni fupi. Wanajeshi wa Marekani waliingia Somalia Desemba 1992 kulinda chakula cha msaada. Tarehe 3 na 4 Oktoba 1993 mapigano ya Mogadishu yaliua Wamarekani 18 na Wasomali mamia. Siku chache baadaye Rais Bill Clinton alitangaza kwamba majeshi yataondoka kabla ya tarehe 31 Machi 1994. Seneta Robert Byrd, mlinzi mkali wa haki ya Bunge juu ya fedha, alikuwa anataka watoke mapema zaidi; wakaelewana kwenye tarehe ya rais, na Seneti ikaiweka kisheria kwa kura 76 dhidi ya 23: baada ya siku hiyo hakuna fedha, isipokuwa kulinda wanadiplomasia na raia, labda Bunge lenyewe liongeze muda. Wanajeshi walitoka kabla siku haijafika.

Ukiangalia kasi na unyenyekevu wa pande zote, inaonekana ni njia bora kuliko zote. Ila ilifaulu kwa kuwa rais mwenyewe alikuwa ameshaamua kuondoka. Sheria ya Byrd ilifunga mlango ili asibadili mawazo, na kazi hiyo inastahili heshima. Haikumlazimisha mtu aliyekataa.

Gharama yake haikulipwa Washington. Kambi za Dadaab, zilizofunguliwa 1991, ziliendelea kupokea Wasomali. Na wiki ileile ya kwanza ya Aprili 1994, siku chache baada ya tarehe ya Byrd, mauaji ya kimbari yalianza Rwanda. Sheria ile haikuyasababisha. Lakini viongozi wa Marekani waliokuwa wameumia Mogadishu hawakutaka kusikia habari ya kikosi kingine Afrika, na Aprili 21 Baraza la Usalama lilipunguza walinda amani wa Kigali hadi takriban 270. Bunge linapofunga mfuko kwa hofu, hofu hiyo husafiri hadi mahali ambapo fedha zingehitajika kweli.

Kuukalia muswada: Ukraine, 2023 hadi 2024

Huu ni upande wa pili wa sarafu, maana rais hakuwa anapigana yeye mwenyewe. Oktoba 2023 Joe Biden aliomba takriban dola bilioni 106, sehemu kubwa ikiwa ya Ukraine. Seneti ilipitisha muswada wake, wa bilioni 95, Februari 2024 kwa kura 70 dhidi ya 29. Mike Johnson, Spika wa Baraza la Wawakilishi, hakuuleta ukumbini kwa miezi miwili. Hakukuwa na kura ya turufu ya kupigwa, kwa sababu hakukuwa na muswada wa kuikataa. Wakati wanajeshi wa Ukraine wakilalamikia uhaba wa makombora, mji wa Avdiivka ulitekwa na Warusi Februari 2024. Tarehe 20 Aprili Johnson aliachia, na dola bilioni 61 hivi za Ukraine zikapita kwa kura 311 dhidi ya 112.

Kwa nguvu tupu, hii ndiyo njia kali kuliko zote: mtu mmoja anayepanga ratiba ya baraza moja anatosha. Siipendekezi. Msimamo wa wabunge haukupimwa kwa kura katika miezi yote hiyo, na kura ilipopigwa ilionekana kwamba walio wengi walitaka kutoa. Kuzuia fedha kwa kura kunaweza kuulizwa kwenye uchaguzi. Kuzuia kwa ratiba, mwananchi hajui amuulize nani.

Njia zinazoonekana imara na si imara

Sheria ya Madaraka ya Vita ya 1973, iliyopita juu ya kura ya turufu ya Nixon, inampa rais saa 48 za kutoa taarifa na siku 60 za kupigana bila idhini, pamoja na 30 za kuondoka. Inatajwa sana. Lakini tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1983, azimio la kuwarudisha wanajeshi nyumbani linaweza kukataliwa na rais kama muswada mwingine wowote. Mwaka 2019 mabaraza yote mawili yalipitisha azimio la kuacha kusaidia vita vya Yemen. Donald Trump akalikataa, na Seneti ikapata kura 53 tu za kuipindua kura yake ya turufu kati ya 67 zilizokuwa zikihitajika kama wote wangekuwepo. Mwaka 1999, wakati wa kuipiga Yugoslavia kwa ajili ya Kosovo, wawakilishi waligawanyika 213 kwa 213 juu ya kuunga mkono mashambulizi, kisha mwezi uliofuata Bunge likatoa fedha zake. Wanasheria wa serikali baadaye walitumia fedha hizo kama ushahidi kwamba Bunge liliridhia. Mbunge akishatoa fedha, hotuba yake ya kupinga haina uzito mahakamani.

Hata katazo safi la fedha linaweza kuzungukwa. Mwaka 1984 Bunge lilikataza mashirika ya kijasusi kuwasaidia waasi wa Contra wa Nikaragua. Novemba 1986 ikajulikana kwamba watu wa Ikulu waliiuzia Iran silaha kwa siri na kuwapelekea waasi sehemu ya malipo. Anayechagua kukata fedha achague pia kamati yenye meno ya kufuatilia hesabu. Bila hiyo katazo linaishia kwenye karatasi.

Uchague ipi

Ukiwa na wingi mdogo katika mabaraza yote mawili na rais asiyetaka kusikia, fuata 1973. Andika katazo jembamba, la mahali na siku, liweke kwenye muswada ambao serikali haiwezi kuishi bila huo, na uwe tayari kuurudisha baada ya kura ya turufu. Tenga wazi fedha za kuwaondoa askari salama, ili shutuma ya kuwaacha bila risasi ikose pa kushika. Iweke tarehe karibu kadiri inavyowezekana, kwa sababu ya Neak Luong.

Rais akiwa tayari ameshachoka na vita, tarehe ya maelewano ya mtindo wa Byrd inatosha na haivunji mtu uso.

Masharti na vigezo nayaweka mwisho. Yanafaa pale tu chama cha rais kinapoanza kupasuka na wabunge wake wanatafuta pa kupitia. Mwaka 2007 hakikupasuka, na mbunge aliyeyaita masharti yale ushindi alikuwa anajifariji.

Kwa wasomaji wa Kenya na Tanzania, zana si zilezile. Nchini Tanzania Ibara ya 44 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kutangaza vita, kisha Bunge huitishwa ndani ya siku 14 kufikiria azimio la kuunga mkono. Ibara ya 99 inawazuia wabunge kuongeza matumizi bila pendekezo la Rais, ila inawaachia kupunguza, kwa hiyo mlango wa kukata upo. Hata hivyo Ibara ya 90 inaruhusu Rais kulivunja Bunge lililokataa bajeti ya Serikali, na mbunge anayeufungua mlango huo anaweka kiti chake rehani.

Kenya iko karibu zaidi na mfano wa Marekani. Katiba ya 2010 inataka Bunge la Taifa liidhinishe tangazo la vita, na Ibara ya 240 inataka idhini ya Bunge kabla ya majeshi kupelekwa nje kwa shughuli za amani za kikanda au za kimataifa. Udhaifu wake ni Ibara ya 223: serikali inaweza kutumia fedha ambazo hazijatengwa, hadi asilimia 10 ya kiasi kilichoidhinishwa mwaka huo wa fedha, kisha ije kuomba idhini ndani ya miezi miwili. Kufikia hapo fedha zimeshatumika na askari wameshavuka mpaka. Mbunge wa Nairobi anayetaka kufuata njia ya 1973 basi asisubiri bajeti kuu ya Juni. Aanzie kwenye hiyo bajeti ya nyongeza, na aulize mbele ya kamati ni shilingi ngapi zilikwenda kwenye operesheni ipi, kabla haijapigiwa kura.